Bi Biasha na Simu ya Kalamu

"Israfili atapuliza parapanda, mama! Makaburi yatafunguka, watu watafufuka, watahesabiwa mmoja mmoja mpaka waishe, na wewe utakuwa umesimama hapahapa Kibiti, dukani kwa Fikirini, hujachagua simu!"

Aliyesema hayo ni Nasma, na aliyasema kwa sauti ambayo hata wauza machungwa wa ng'ambo ya barabara waligeuka. Mama yake hakugeuka. Bi Biasha alikuwa amezilaza simu mbili juu ya meza ya kioo, moja huku moja huku, anazitazama kama mtu anayechagua kuku wawili mnadani, anajua mmoja ana kideri ila hajui ni yupi.

"Siku hiyo ikifika," alisema taratibu, "hata hizi simu hazitakuwa na mtandao. Una haraka ya nini?"

Fikirini, mwenye duka, alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akaona Nasma hacheki, akajifanya anafuta vioo.

"Mimi sisemi kitu, bi mkubwa," alisema huku anafuta. "Ila toka nifungue duka hili, hata yule bwana aliyekuja kuwachagulia simu wake zake wawili hakukaa muda huu. Na yule alikuwa na matatizo."

Simu ya kwanza ilikuwa simu ya tachi ya kawaida, unaishika kwa mkono mmoja, ina kava la zambarau. Ya pili ilikuwa kubwa. Kubwa hasa: ukiiweka sikioni inafunika shavu na nusu ya ushungi. Tena kwenye ukingo wake wa chini ina kitundu, ukibonyeza inachomoka kalamu nyembamba ambayo unaandikia juu ya kioo. Fikirini alipoichomoa mara ya kwanza, Bi Biasha aliruka nyuma.

"Mh! Imezaa!"

Simu yake ya zamani ilikuwa imekufa maji Nyamisati. Wakati anashuka kwenye boti, simu ikaenda kwenye tope na maji ya chumvi, ikaokolewa ikiwa imeshakunywa ya kutosha. Waliifukia kwenye mchele, kama watu wote wanavyofanya. Sasa mchele wa Rufiji una sifa zake nyingi, lakini kufufua simu hakumo. Simu haikuwaka tena. Mchele Bi Biasha aliupika akaula, maana yeye hakuona kosa la mchele.

Ndipo Nasma, mwenye saluni Mbagala, akapanda gari akaja. Alimwambia mama yake neno moja tu: chagua unayotaka. Bora asingemwambia hivyo. Bi Biasha ni mtu ambaye hata kitunguu anakinusa pande zote mbili.

Lakini kuchelewa kwa siku hiyo hakukuwa kule kwa kawaida yake. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe Nasma alikuwa anaijua.

Bi Biasha ni mchora piko. Ukifika Kibiti ukauliza Bi Biasha wa piko, hakuna atakayekuuliza yupi. Kazi hiyo aliipata kwa mama yake, marehemu Mwanasiti, aliyemfundisha kwanza juu ya jani la mgomba, halafu juu ya paja lake mwenyewe, ndiyo mikono ya watu ikafuata. Wenzake siku hizi wanatumia vikoni vya plastiki na sindano za kubinya. Yeye anatumia ujiti wa chelewa, huuhuu wa kwenye fagio, anauchonga ncha kwa wembe, anaufuta kwenye upindo wa kanga, anachovya, anachora. Akichoka ule anavunja, anachomoa mwingine. Fagio la nyumbani kwake halijawahi kufikisha umri wa kuzeeka.

Naye ana utaratibu wake. Mkono wa bi harusi anaulaza gotini pake, hachori mpaka uwe umepata joto. Akiushika, kabla ya nukta ya kwanza, anauliza kwa sauti ya chini, "Unaogopa nini?" Kila mmoja ana lake. Wengi wanaogopa mama mkwe. Mmoja wa Nyamwage alisema anaogopa jogoo wa huko anakokwenda kuolewa, Bi Biasha akadhani utani, kumbe kweli, jogoo lile lilikuwa linafukuza wageni mpaka barabarani. Mwingine wa huko huko hakusema kitu, alilia tu, wakasubiri wote wawili mpaka akanyamaza. Mtu akishajibu, mkono unalegea. Hapo ndipo Bi Biasha anaweka nukta, chini ya kidole gumba, na ua linaanza. Na jibu la mtu halitoki hapo kwenda popote.

Kwa hiyo amezunguka. Ikwiriri, Nyamisati, ndani huko mikokoni mpaka Salale, ambako gari halifiki na bi harusi anakungoja ameshapakwa singo ya kunukia mwilini. Ameshachora mama, akaja kumchora binti yake, na juzi juzi kuna mjukuu aliyemwambia, "Bibi kasema unichore kama ulivyomchora yeye." Akacheka. Ule mwaka wa bibi hata yeye haukumbuki.

Halafu likaja ua la njia mbili.

Ilikuwa Nyamisati, harusi ya binti wa mfanyabiashara wa boriti. Bi Biasha anachora shina la ua, linatoka kwenye kifundo, linapita mgongo wa mkono, linakwenda kidole cha kati. Akafika katikati, akainua ujiti kwenda kuchovya. Aliporudi hakuona alipoishia. Akatafuta, akakisia, akaendelea. Alipomaliza akakuta ameweka shina la pili ubavuni mwa la kwanza, yanakwenda sambamba kama mapacha waliogombana, hayagusani.

Akauweka ujiti chini. Piko ni piko, ukishagusa ngozi imeshakuwa. Alikuwa anatafuta la kusema, bi harusi akainua mkono kwenye mwanga wa dirisha akapiga kelele: "Jamani! Bi Biasha kaja na jipya!"

Wanawake wakajaa. Vigelegele. Kila mwenye simu akapiga picha. Shangazi mtu akalipa jina palepale, akaliita njia mbili, ya kwao na ya kwa mume. Bi Biasha akapokea sifa kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani amshike kidogo.

Picha zile zikaondoka na watsapu zikaenda Mafia, zikaja Ikwiriri, zikafika Mbagala. Mteja akaingia saluni kwa Nasma na kuifungua simu: "Nataka hili, linaitwa njia mbili, la Rufiji huko." Nasma aliujua mkono wa mama yake kama anavyoijua sauti yake. Akapiga simu kumpongeza. Na Bi Biasha, kwa kuwa alikuwa anacheka na kicheko kikamzidi, akasema kweli: "Yale ni macho, mwanangu. Sikuliona shina."

Nasma hakucheka. Toka siku ile ndipo habari ya simu ya kalamu ilipoanza.

Maana Nasma alikuwa na mpango, na pale dukani aliueleza tena, Fikirini akisikiliza kama vile anauziwa yeye.

"Mama, kaa nyumbani. Chora kwenye hii kubwa. Unaona kila kitu, unakuza unavyotaka. Ukimaliza unanitumia, wasichana wangu wanafuatisha. Hata huyo Salima wako wa Salale, bi harusi unayemwendea leo umchore njia mbili, anapiga picha ya mkono wake, anakutumia, unachora juu ya picha. Shangazi yake anafuatisha kwa kikoni. Huna haja ya boti."

"Juu ya picha ya mkono."

"Ndiyo."

"Picha ya mkono inanuka singo?"

"Mama!"

"Nauliza tu. Fikirini, hii simu inanusa?"

"Bado, bi mkubwa. Labda toleo lijalo."

Nasma akamgeukia. "Kaka, wewe unauza au unatia chumvi?"

"Nauza, dada'angu. Nauza." Akarudi kwenye vioo vyake, ambavyo kwa muda ule vilikuwa visafi kuliko duka lolote la barabara ile.

Bi Biasha aliichukua ndogo. Akaikunjia kwenye pindo la kanga kiunoni, akafunga, akatembea mpaka mlangoni, akarudi. Haikutikisika. Simu ya hivi ungeenda nayo popote. Watu wanapiga, unapokea, unasema nitakuja, unakwenda. Akaitoa akairudisha mezani, na Nasma aliona alivyoitoa polepole, akauma mdomo.

"Basi ijaribu na hii," alisema, sauti imeshuka. "Jaribu tu. Kujaribu si kununua."

Fikirini akafungua ukurasa mweupe kwenye ile kubwa, akachomoa kalamu akampa. Bi Biasha aliishika kama anavyoshika chelewa, karibu na ncha. Mkono wake wa kulia ukaondoka wenyewe, ukaenda pembeni, ukashuka hewani kutafuta kopo la piko. Hakukuwa na kopo. Ukarudi, ukafuta ncha kwenye upindo wa kanga.

"Haina wino, bi mkubwa," Fikirini alisema kwa adabu.

"Najua. Mkono ndiyo haujui."

Akagusa kioo. Mstari ukatoka mweusi, mwembamba, palepale alipoutaka. Akauvuta. Akauzungusha, ukawa jani. Akaweka jani jingine, kisha ua lile la mama yake lenye midomo mitano, ambalo Mwanasiti alikuwa analianzia ndani kwenda nje wakati watu wote wanaanzia nje. Wauza machungwa walikuwa wanabishana na kondakta huko nje. Ndani ya duka Nasma na Fikirini walikuwa wanaifuata ncha ya kalamu kwa macho.

Fikirini akaweka vidole viwili juu ya kioo, akavitanua. Ua likavimba mpaka mdomo mmoja ukajaa simu nzima. Bi Biasha akainama. Akauona mstari wake. Siku nyingi alikuwa anauhisi tu, anauamini bila kuuona, kama mtu anayepita chumbani kwake gizani. Sasa ulikuwa mbele yake, mpana kama kamba ya kufungia mbuzi, na ulikuwa umenyooka. Haukutetemeka popote.

"Kumbe mkono bado upo," alisema.

Nasma akashika ukingo wa meza. "Si ndiyo nakwambia, mama. Mkono upo. Ni macho tu. Na macho yako haya hapa, mtu kakutengenezea."

Neno lile lilimwingia Bi Biasha. Mtu asidhani hakulisikia. Alipiga hesabu za kimoyomoyo: kukaa barazani, miguu imenyooka, chai pembeni, maua yanatoka moja baada ya jingine, hakuna wa kumwambia harakisha bwana harusi yuko njiani. Na ua la mama yake lingekaa. Mwanasiti amekufa na maua ambayo binti yake hakuyawahi, yamebaki kwenye mikono ya watu yakafutika na sabuni. Humu yangekaa.

Akaendelea kuchora. Akavuta shina, akajaribu njia mbili yenyewe, ya makusudi. Ya pili ikamtoka upande, ikaligonga jani.

"Ah."

"Hiyo si kitu," Fikirini alisema, na kwa haraka ya kusaidia akagusa kimshale juu ya kioo. Shina la pili likaondoka. Kioo kikawa cheupe pale lilipokuwa.

"Limekwenda wapi?"

"Limefutika."

"Lote?"

"Lote, bi mkubwa. Kama hukuwahi kulichora. Ndiyo raha yake."

Bi Biasha aliitazama ile sehemu nyeupe muda mrefu. Mama yake alipokuwa anamfundisha, akikosea, alikuwa hapewi kufuta, maana hakuna cha kufutia. Alikuwa anaambiwa, haya, lifanyie jani. Anaongeza jani pale kwenye kosa, na jani linataka mwenzake, na mwenzake anataka shina, na mwisho unakuta ua ambalo hukulipanga. Maua mengi aliyokuwa nayo yalikuja hivyo. Hata lile la midomo mitano Mwanasiti aliwahi kukiri kwamba lilikuwa liwe na minne, akakohoa, ujiti ukaruka, wa tano ukatoka. Na njia mbili je? Kama siku ile Nyamisati angekuwa na kimshale hiki, angelifuta akiwa anatoka jasho, akamshukuru Mungu hakuna aliyeona. Leo Salima wa Salale angekuwa anangoja nini?

Akaiweka kalamu chini. Haikusimama, ikaviringika, Fikirini akaiwahi.

"Nasma. Lete mkono."

"Wa nini?"

"Lete. Nataka nilinganishe. Si unataka nichague?"

Alishafungua kikapu chake cha safari ya Salale. Akatoa kopo, akatia unga wa piko kidogo kwenye kifuniko, akamwomba Fikirini matone ya maji, akakoroga. Akachomoa chelewa. Akavuta kigoda, akakaa, akaulaza mkono wa binti yake gotini.

Mkono wa Nasma ulikuwa na makovu ya madawa ya nywele na alama ya kuungua karibu na kifundo. Mkono wa mtu wa kazi. Lakini si hayo yaliyomfanya Bi Biasha asite na ujiti hewani. Ulikuwa baridi. Jua la Kibiti limewaka, bati linalia, na mkono ule ulikuwa baridi kama wa mwari.

Akaufunika na mkono wake mwingine. Akangoja. Haukupata joto.

"Unaogopa nini?" aliuliza kwa sauti ya chini, ile ya kazini. Likatoka lenyewe, kwa mazoea.

Nasma akatazama pembeni. Fikirini, na hili alikumbukwa nalo kwa wema baadaye, alikwenda kusimama mlangoni akijifanya anatafuta mtu barabarani.

"Mwenye boti alinipigia," Nasma alisema.

"Mwenye boti gani?"

"Wa Nyamisati. Si ulinipigia kwa simu yake siku simu yako ilipoharibika? Namba yangu ikabaki kwake. Akanipigia kesho yake. Akaniambia dada, mama yako haikumponyoka simu peke yake. Hakuuona ubao wa kushukia. Alikanyaga hewa. Wakamdaka kwa kanga." Akamgeukia mama yake. "Wewe uliniambia simu imeteleza."

"Simu iliteleza."

"Mama."

"Iliteleza kweli. Mimi ndiyo nilidakwa."

Hapakuwa na wa kucheka. Bi Biasha akainamisha kichwa, akautazama ule mkono kwa karibu sana, karibu kuliko alivyokuwa anataka watu wamwone akitazama. Sasa aliujua mpango wote. Mbagala, wasichana wa saluni, picha za mikono, vyote vile vilikuwa majani yaliyoongezwa pembeni. Shina lilikuwa ubao wa kushukia pale Nyamisati. Na leo alikuwa anakwenda kuukanyaga tena.

Akachovya. Akaweka nukta chini ya kidole gumba. Mkono ukashtuka kidogo, kama mikono yote inavyoshtuka piko ya kwanza ikigusa, kitu ambacho kioo cha Fikirini hakikufanya. Akavuta shina fupi kutoka kwenye nukta. Mkono ukaanza kulegea. Joto likaja, taratibu.

Huko nje gari la Nyamisati likapiga honi. Kondakta akaita abiria wa boti kwa sauti ya mtu aliyeapa hatarudia, kisha akarudia.

Bi Biasha akainua ujiti. Akaufuta kwenye upindo wa kanga, akafunika kopo, akafunga kikapu.

"Mama, hujamaliza."

"Usishike kitu mpaka ikauke."

"Kwani Salima hana mwingine wa kumchora hapa duniani ila wewe? Wachoraji wamekwisha?" Nasma alikuwa amesimama, mkono ameuinua hewani, nukta na shina lake fupi vinang'aa vibichi. Hakuweza kumshika mama yake, hakuweza kushika simu yoyote. "Basi niambie ipi. Nimlipe Fikirini nikufuate nayo. Ndogo au kubwa?"

Bi Biasha alijitia anatafuta kandambili yake, ambayo ilikuwa mguuni.

"Na mimi nikuulize basi," Nasma alisema. Sauti yake haikuwa ya ugomvi tena, ilikuwa ya chini, na ilifanana na ya mama yake mpaka Fikirini pale mlangoni akageuka kuangalia nani kasema. "Wewe unaogopa nini?"

Miaka yote ile, katika mikono yote ile, hakuna bi harusi aliyewahi kumrudishia swali. Bi Biasha alisimama mlangoni, kikapu begani, mgongo umewageukia. Akafungua mdomo. Honi ikalia tena.

"Nifunge ipi, bi mkubwa?" Fikirini aliuliza taratibu, amesharudi mezani, simu mbili mikononi.

Akashuka kibarazani. Penye mtaro alitangulia kupapasa kwa kidole cha mguu, akatafuta ukingo wa kibao cha kuvukia, akaupata, akavuka. Akashika njia ya kwenye gari, hakugeuka.